Potulaka ya pinki hafifu: ipi ununue Nairobi, na ipi uiache kando ya barabara

Ukienda kununua potulaka, lile ua la mapambo linalofunguka juani tu, nenda saa tano asubuhi, siku ya jua. Ukipita kwenye kitalu saa moja na nusu ukiwahi kazini, au saa kumi na moja jioni ukirudi, utakuta kila mche umefumba, na muuzaji atakuapia kwa jina la mamake kwamba hiyo ndiyo ile ya pinki hafifu unayoitafuta. Mimi niliapiwa hivyo mwaka jana, nikabeba miche sita. Jumamosi jua lilipotoka, minne ikatoa majenta ya kuumiza macho, mmoja manjano, mmoja mweupe. Sikumlaumu sana yule kijana. Matumba aliyokuwa akiyatazama yeye ndiyo niliyokuwa nikiyatazama mimi.

Wavietnamu huliita ua hili "ua la saa kumi", na saa kumi yao hiyo ya asubuhi ndiyo saa nne yetu. Hungoja jua lipande, likafunguka, na kila ua huishi siku moja tu. Kesho huja jingine. Aina za zamani hufumba mapema alasiri. Nyingi kati ya zile mpya zimechaguliwa ili zikawie wazi zaidi. Siku ya mawingu mazito, ya zamani na mpya zote hugoma, na kwa Nairobi hilo si jambo dogo, maana kati ya Juni na Agosti tunaweza kukaa siku kadhaa bila kuona vivuli vyetu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi, uliza jua lako liko wapi.

Roshani inatazama wapi?

Hapa wengi hukosea, na lawama si yao. Ushauri mwingi wa bustani tunaousoma umeandikwa na watu wa Ulaya, ambako roshani inayotazama kusini ndiyo yenye jua mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 1 na kidogo kusini mwa ikweta. Tangu nusu ya pili ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kisha Oktoba hadi Machi hupita kusini. Roshani ya kusini, iwe Kilimani au Roysambu, itakuwa na potulaka ya kupigiwa picha Januari, na kapu la majani matupu Julai. Ya kaskazini ni kinyume, ila bahati mbaya miezi yake ya jua inagongana na miezi yetu ya mawingu. Mashariki na magharibi hupata nusu siku mwaka mzima. Mimi ni wa mashariki, na Januari najiona mfalme. Lakini Julai, mawingu ya asubuhi yakikaa hadi karibu adhuhuri, jirani yangu wa upande wa magharibi hunicheka waziwazi.

Na kama unakaa Pipeline, ambako jirani wa jengo la pili anaweza kukupa chumvi dirishani, usinunue potulaka kabisa. Nunua begonia ulale salama.

Wenye ardhi nao wana hesabu yao. Upande wa Kikuyu, Westlands na Kiambu udongo mwekundu hupitisha maji vizuri, chimba kisha panda. South C, Embakasi na kuelekea Athi River ni ule udongo mweusi unaonata viatuni; mvua za Machi hadi Mei zikija, mmea huu unaohifadhi maji kwenye majani na mashina huoza kuanzia shingoni. Huko panda kwenye chungu, au inua tuta. Mchanganyiko ninaoutumia ni debe mbili za udongo mwekundu, debe moja ya mchanga wa mto ulio mkubwa wa chembe, na nusu debe ya samadi iliyooza hadi haina harufu. Mkebe wa Kasuku uliotobolewa matundu matano chini unatosha mche mmoja. Samadi usizidishe: utapata majani mazuri sana, na maua ya kuhesabu.

Tazama jani kwanza

Vitaluni kando ya barabara za Kiambu, Ngong na Lang'ata utasikia jina moja tu, "potulaka", lakini zinazouzwa ni mbili. Ya kwanza ina majani membamba ya mviringo kama sindano nono. Hiyo ni *Portulaca grandiflora*, asili yake Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazil, na mara nyingi ua lake limejaa petali kama waridi dogo. Ya pili ina majani bapa kama kijiko, ua la petali tano, na kijumba cha mbegu chenye ukingo mwembamba kama bawa. Hiyo ni *Portulaca umbraticola*. Wote wawili ni ndugu wa lile gugu la shambani ambalo Pwani huliita tako la Hasani, ambalo watu huchuma na kupika mboga. Hii ya mapambo usiipike. Hujui ilipuliziwa dawa gani kitaluni. Ukifuga paka au mbwa mwenye tabia ya kutafuna, ining'inize juu, kwa sababu ina kemikali ziitwazo oksaleti ambazo hazimfai.

Ustahimilivu wa ukoo huu si porojo za wauzaji. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba gugu hilo la shambani huunganisha ndani ya jani moja njia mbili za kutengeneza chakula ambazo kwa kawaida mimea huwa na moja au nyingine: ile ya mahindi, inayokimbia kwenye jua kali, na ile ya mimea kama nanasi, inayovuta hewa usiku ili isipoteze maji mchana. Ndiyo maana ukisafiri wiki nzima utaikuta hai. Akina mama wanaomwagilia kila asubuhi kwa huruma ndio huiua.

Orodha yangu, kuanzia ninayoipenda

*1. Mche wa jani bapa, ua limefunguka mbele ya macho yako.* Pinki hafifu inaonekana vizuri zaidi kwenye petali tano zilizotandazwa kuliko kwenye petali zilizosongamana, kwa sababu katikati pana ule unjano unaoipa uhai. Nyuki nao hufika kwenye chavua bila taabu, na mvua ikinyesha ua halibebi maji likaoza kama pamba. Mwaka huu nimelipa kati ya shilingi 50 na 150 kwa mche, kutegemea kitalu, na kusema kweli kutegemea pia nilikuja na gari au na matatu.

Ukiwa pale, usichague wenye maua mengi. Chagua mfupi, wenye matawi mengi yanayotoka chini, na matumba ambayo hayajafunguka. Geuza jani utazame kama kuna wadudu weupe kama unga kwenye vikwapa vya matawi. Ukiwaona, ondoka, hata akikupunguzia bei. Bonyeza shina karibu na udongo. Likiwa laini, limeshaoza. Kisha rudi nyuma hatua kumi, uutazame kutoka mbali, maana pinki hafifu ina hila yake: jua la saa saba huifanya ionekane nyeupe. Rangi ya potulaka hutokana na betalaini, ukoo ule ule wa rangi unaochafua vidole vyako ukimenya bitiruti, na hafifu ina kiasi kidogo tu. Juu ya ukuta mweupe itapotea kabisa. Ipe chungu cheusi, au cha udongo wa kuchoma.

*2. Kipandikizi cha jirani.* Hiki kingekuwa namba moja kama pinki hafifu isingekuwa adimu. Jirani wengi wana majenta. Lakini ukimpata mwenye nayo, piga hodi na mandazi. Kata tawi lenye urefu wa kidole cha kati, toa majani ya chini, liache kivulini hadi kesho kidonda kikauke, kisha lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Baada ya wiki mbili hivi livute taratibu: likikataa kutoka, lina mizizi. Faida yake kubwa ni kwamba kipandikizi hutoa rangi ile ile ya mama yake, jambo ambalo mbegu haiahidi.

*3. Ya majani ya sindano, ua lililojaa.* Nzuri kwa picha, na watoto huipenda. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya mvua tu. Anayekaa mahali pakavu, tuseme Kitengela, anaweza kuipandisha hadi ya kwanza na sitabishana naye. Jihadhari na ile yenye madoadoa: aina inayoitwa Sundial Peppermint, kwa mfano, ina pinki nyepesi iliyonyunyiziwa majenta, na ukiiona mbali utadhani ni hafifu tupu.

*4. Kapu la kuning'iniza lililojaa tayari.* Una wageni Jumapili? Nunua. Vinginevyo unalipia miezi miwili ya subira ya mtu mwingine, na aghalabu ndani ya kapu kuna miche minne ambayo ungeinunua kando kwa bei ndogo zaidi.

*5. Pakiti ya mbegu.* Kwa mwenye nafasi kubwa na asiyejali rangi. Mbegu ni ndogo ajabu, gramu moja ina takriban 10,000, na hazitaki kufukiwa. Zinyunyize juu, zigandamize kwa kiganja, ziache zione mwanga. Panda Septemba au Januari. Usiku wa Julai ni baridi mno kwake, zitalala au zitaoza. Pakiti nyingi ni za rangi mchanganyiko, na hata ukivuna mbegu za pinki yako mwenyewe iliyokaa karibu na majenta, kizazi kijacho kitakuwa cha bahati nasibu.

*6. Aina mpya yenye jina, ya kuagiza nje.* Najua hii ndiyo iliyowaleta wengi hapa. Wazalishaji wa Marekani na Ulaya hutoa pinki mpya kila mara, nyingi zikiwa za jani bapa na za kuzalishwa kwa vipandikizi, na picha zake zinatamanisha. Lakini mmea hauingii Kenya kama kiatu. Unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haujatumwa, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Gharama na usumbufu huo kwa mche mmoja wa roshani haulipi. Kinachoniuma ni kwamba mashamba ya Naivasha na Juja hukata vipandikizi vya maua kwa mamilioni kila mwaka, vikapanda ndege kwenda Ulaya, halafu sisi tulio mwendo wa saa moja au mbili tu kwa barabara tunatazama picha.

Ikitokea umepata mche wenye lebo ya aina iliyolindwa, furahia, lakini usianze kuzalisha miche ya kuuza. Kenya ni mwanachama wa UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 1999, na haki za aliyezalisha aina mpya zinatambuliwa na sheria yetu ya mbegu.

*Ya mwisho kabisa, nje ya orodha:* mbegu za potulaka ya bluu. Mtandaoni zimejaa, na picha ni za kuvutia, bluu kama sare ya shule. Zile betalaini nilizozitaja hutoa njano, machungwa, nyekundu, pinki na zambarau yenye wekundu. Bluu haimo. Rafiki yangu mmoja alinunua pakiti mbili, akamwagilia miezi mitatu, akavuna majenta.