Majani ya kununua kiangazi kwa ng'ombe wa maziwa, Moshi

Kiangazi kikikaza, pikapu za mabua huanza kupanda Kibosho na Marangu, mzigo umefungwa kamba mpaka umepita kibanda cha dereva, na sisi tunaofugia ng'ombe bandani tunatoka kubishana bei ya "gari". Hapo ndipo tunapoliwa. Ng'ombe hali gari, anakula kilo, tena zihesabiwe kavu, yaani bila maji yaliyomo. Mwenye kilo 400 anataka kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, na angalau nusu yake yawe majani marefu ya kumfanya acheue. Asipocheua, mate yanapungua, tumbo linachachuka, kinyesi kinakuwa uji na mafuta ya maziwa yanashuka. Kumwongezea pumba hapo ni kumzidishia tatizo.

Namba moja kwangu ni hei, yaani majani makavu, ya nyasi za Rhodes, yale marobota yanayoshuka kutoka West Kilimanjaro. Fungua robota moja mbele ya muuzaji. Liwe na ukijani bado, linukie vizuri, majani yazidi vijiti. Ukilipukuta mbegu zikamwagika, nyasi zilikatwa zimeshazeeka: nyuzinyuzi zipo, lakini zimekuwa mti. Kisha lining'inize kwenye mizani. Marobota yanayolingana kwa macho hupishana kilo tatu, nne, na bei ni ileile.

La pili litawashangaza wengi: makapi ya maharage, yale yanayobaki baada ya kupura. Yana protini kuliko mabua ya mahindi na ng'ombe huyamaliza. Shida ni msimu wake mfupi, na yakinyeshewa mara moja usiyaguse.

Mabua ya mahindi kutoka tambarare nayaweka la tatu, ingawa ndiyo tunayonunua wengi. Chakula kiko kwenye majani na maganda ya gunzi. Shina nene ng'ombe analibagua usipolikata. Vipande vya sentimita 3 hivi vinatosha. Ukisaga mpaka unga, umelipia nyuzinyuzi halafu umeziua, maana unga haumcheulishi ng'ombe. Na usilipe kabla ya kuona chini. Mwaka juzi nilishusha gari zima, juu dhahabu tupu, chini ukungu mweusi. Theluthi nzima iliishia shimo la mbolea, na muuzaji simu hakupokea tena.

Mabingobingo (majani ya tembo) mabichi ni mazuri, ila kilo 100 zina kikavu kilo 20 tu, pengine pungufu. Nunua kwa jirani, yakiwa na urefu wa mita moja hivi. Yakishampita mtu kichwa, unanunua fito. Kuyakodia gari ni kusafirisha maji.

Majani ya mpunga kutoka Chekereni ni rahisi, na yana sababu ya kuwa rahisi: protini kidogo, magumu kusagika tumboni. Yanafaa ukiyatibu kwa mbolea ya urea, kilo 4 zilizoyeyushwa kwenye maji kwa kila kilo 100 za majani, yafunikwe hewa isipite kwa wiki 3. Urea ikizidi inaua, kwa hiyo pima, usikisie.

Mgomba wa kununua? Hapana. Zaidi ya asilimia 90 ni maji. Wa kihambani kwako, shambani pa nyumbani, mkatie, lakini uuhesabu kama kinywaji.