Fundi funguo wa Ngamiani: anauliza kwanza, ndipo achonge

Kama uko Tanga na gari lako limebaki na ufunguo mmoja, soma hii kabla hujaenda dukani kusema "nataka rimoti." Hapa kwetu neno hilo limebebeshwa kila kitu chenye vitufe, na muuzaji asiyejali atakupa chochote kinachofanana na ulichoshika mkononi.

Ndivyo nilivyouziwa mimi kwenye duka moja la spea. Gari ni Toyota IST, na ufunguo wa pili ulipotea. Nikapewa kava jipya linalong'aa, vitufe viwili, meno yamechongwa vizuri. Milango ikafunguka na kufungwa. Swichi ikazunguka bila kukwama. Stata inapiga, lakini gari haliwaki. Niliporudi kuuliza, nikaambiwa nikaangalie plagi, labda na pampu ya mafuta. Na kwa ufunguo wangu wa zamani gari lilikuwa likiwaka mara moja!

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Kibanda chake ni kidogo, mashine ya kuchongea iko mbele, na kijana wake anakaa pembeni na kompyuta. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijafika kwenye habari ya bei akaniuliza: "Ukichomoa ufunguo, kuna taa nyekundu inamemetuka kwenye dashibodi?" Nikamwambia ipo. "Basi gari lako lina imobilaiza, mwanangu, kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka kwa ufunguo usiotambulika. Ufunguo wako wa zamani una chipu. Huu uliouziwa una rimoti tu."

Akafungua kava zote mbili mbele yangu. Kwenye ule wa zamani kulikuwa na kipande cheusi, kidogo kuliko punje ya mahindi, kimekaa peke yake mbali na kibetri. Hiyo ndiyo chipu. Haitumii betri hata kidogo. Swichi ya gari imezungushiwa pete ya waya, na ukiwasha, pete hiyo huipa chipu nguvu kwa mawimbi, chipu nayo hujibu kwa namba yake. Kompyuta ya gari isipoitambua namba hiyo, stata itapiga mpaka betri ya gari iishe. Rimoti kazi yake ni milango, nayo ndiyo inayokula betri. Ni vyombo viwili tofauti vilivyowekwa ndani ya kava moja, ndiyo maana kibetri kikifa bado gari linawaka.

Mkanganyiko huu tunao zaidi sisi tunaotumia magari yaliyotumika Japani. Ujerumani na Uingereza imobilaiza ililazimishwa kwenye magari mapya tangu 1998, lakini Japani haikuwa lazima. Kwa hiyo magari mawili ya jina moja, yote yametoka bandari moja, yanaweza kuwa na funguo zinazofanana kwa macho, moja ina chipu na nyingine haina. Ile taa nyekundu inakuambia mengi kuliko umbo la ufunguo.

Siku zile nilizokuwa nikienda pale nilisikia anavyoulizia kila mteja, na maswali yake ndiyo yanayostahili sifa katika duka lake. Ufunguo wa kawaida, chuma kitupu, anachonga ukiwa umesimama. Wa chipu anaangalia kwanza shingo ya chuma: Toyota nyingi za karibuni zimepigwa herufi G au H pale, na chipu zake hazibadilishani. Wa kukunja, ule unaoruka ukibonyeza, kwake ni suala la kava tu, maana ndani unaweza kuwa na chipu au usiwe nayo. Kuna na ule ambao meno hayako ukingoni bali ni mfereji unaopinda ubavuni mwa chuma. Huo unataka mashine nyingine ya kuchongea, na akiona huo hakudanganyi kwamba ataufanya kwa hii ya kwake.

Halafu kuna smati, wa magari ya kubonyeza kitufe kuwasha. Shemeji yangu alikwama na Harrier yake Raskazone usiku, kibetri kimekufa, akadhani lazima avute gari. Mzee alimwelekeza kwa simu: chomoa kile kiufunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya smati, fungua mlango, kisha gusisha smati kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki. Likawaka.

Kwangu mimi chipu ya aina yangu haikuwepo, ikabidi itoke Dar na kupokelewa stendi ya Kange. Kungoja huko kulinichosha, na hawana desturi ya kukupigia kukujulisha, unapiga mwenyewe. Hapo nawapunguzia alama. Lakini kazi yenyewe ilikuwa safi. Kijana alichomeka kifaa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akaanza na ufunguo wangu mzima, kisha mpya, tukawasha kwa zamu. Na jambo ambalo sikuwa nimeliomba: aliufuta ule uliopotea kwenye kompyuta ya gari. Atakayeuokota ataweza kufungua mlango, injini hataiwasha. Kwa usalama wa familia yangu hilo peke yake lilikuwa na thamani ya safari.

Nililipa shilingi 90,000, chipu, kuchonga na kusajili vyote humo. Vitufe vya lile kava la kwanza alivitumia vilevile, akasema vizima, hakuna haja ya kununua tena.

Ukipoteza funguo zote, hilo ni jambo jingine: lazima kompyuta ya gari ifunguliwe, na kwa magari mapya mapya mzee anakuambia waziwazi uende Dar. Nenda kwake ungali na ufunguo mmoja unaofanya kazi. Na beba kadi ya gari na kitambulisho, kwa sababu bila hivyo hachongi wala hasajili, hata awe mtu anayemfahamu.