Projekta kwa gari la zamani: ya kununua na ya kuiacha dukani

Ukifika Gerezani pale Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au soko la Kisekka Kampala ukasema unatafuta taa za projekta, yaani taa za mbele zinazotupa mwanga kupitia lenzi ya duara, utaulizwa gari gani na mfuko ukoje. Kisha utawashiwa moja usoni, mchana kweupe, ujionee ilivyo kali. Hapo ndipo watu wengi huchukua kitu kibaya. Kinachotakiwa kwenye taa ya mbele ni umbo la mwanga: mkato ulionyooka kwa juu, mwanga mzito chini ya mkato huo hadi mbali, na kwa kushoto mkato uinuke kidogo ili umuone mapema mwenye baiskeli isiyo na taa. Mwanga mkali usio na umbo unamulika matawi ya miembe na macho ya dereva wa lori anayekuja mbele yako.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la miaka ya 90 hadi 2000 na kitu, lenye balbu ya H4 (balbu moja ya halojeni yenye dimu na fulu pamoja), tuseme Corolla, Carina, Hilux au Noah ya zamani, ambaye yuko tayari kufungua boneti mwenyewe nyumbani. Taa nimezipanga kwa umbo la mwanga kwanza, urahisi wa kufunga bila gereji pili, na upatikanaji wa spea baadaye. Bei sikuzipanga, kwa sababu zinabadilika kutoka duka hadi duka, na muuzaji akishaona una haraka zinabadilika tena.

Kabla ya kutoa hela

Kwanza pima umeme. Washa injini, washa taa, chukua mita, pima volti kwenye betri kisha kwenye soketi ya balbu. Gari la miaka 25 likisoma 14 kwenye betri na 12 kwenye balbu, tatizo lako la kwanza ni waya. Mwanga wa halojeni hushuka haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. H4 ya kawaida ya wati 60/55 hutoa takriban lumeni 1,000 kwenye dimu (mwanga wa karibu) na 1,650 kwenye fulu (mwanga wa mbali), lakini hizo hupimwa kwenye volti 13.2. Funga relei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme), fyuzi, na waya mnene kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye taa, na safisha sehemu za asi (pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi) zenye kutu. Kazi ya mchana mmoja. Wapo wanaofanya hivi wakakuta projekta hawaihitaji tena.

Pili, angalia kioo cha mbele cha taa. Kama ni plastiki iliyopata ukungu wa njano, piga msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, malizia na polishi na vanishi ya kuzuia jua. Dawa ya mswaki inang'arisha, lakini bila vanishi njano inarudi mapema.

Kama kioo kina mistari, simama hapo. Taa nyingi za miaka ya 90 zina mistari iliyochongwa kwenye kioo, na kazi yake ni kusambaza mwanga wa rifleta, yaani bakuli linalong'aa nyuma ya balbu. Ukiweka projekta nyuma yake, mkato wote unavurugika. Utahitaji kioo cheupe cha toleo la baadaye la gari hilohilo, au ubaki na halojeni na relei zako. Projekta nyuma ya kioo cha mistari haina maana hata ikiwa ya bure.

Upande wa barabara

Projekta ina kibati kidogo ndani kinachokata mwanga, na umbo la kibati hicho ndilo linaloamua mkato uinuke upande gani. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo unataka ipande kushoto, kama za Japani na Uingereza. Projekta iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya bara au Marekani inapanda kulia, yaani inamulika macho ya anayekuja.

Hapa kuna mtego. Taa nyingi za mtumba hupitia Sharjah, na kule Ghuba wanaendesha kulia. Mzigo mmoja unaweza kuwa na taa zilizotoka kwenye magari ya Japani na nyingine kwenye magari ya Ghuba, zote zikiwa na jina la Koito, kiwanda cha taa cha Japani. Usiulize imetoka wapi. Iwashe ikiangalia ukuta uone. Msomaji wa Bukavu, Kigali au Bujumbura afanye kinyume chake: kwake za Japani ndizo zenye shida, na gari lake lililoagizwa Japani huenda linawachoma wenzake macho tangu siku lilipotoka bandarini.

Namba 1: taa nzima ya kiwandani ya toleo la juu

Japani gari moja mara nyingi liliuzwa kwa matoleo mawili, moja la halojeni na moja la HID (balbu ya zenoni isiyo na waya wa kuwaka ndani), ambalo wao huliita diskaji. Mark II GX110 na Forester SG5 ni mifano inayopatikana kwenye maduka ya spea za mtumba. Kama gari lako lina ndugu wa namna hiyo, tafuta taa zake nzima, kushoto na kulia kutoka gari moja, na balasti zake, yaani vifaa vinavyopandisha umeme wa kuwasha balbu. Hufungui taa, hukati kitu. Unafungua bampa, unachomoa ya zamani, unafunga mpya kwenye matundu yaleyale, kisha unaunganisha waya.

Chunguza kitu kimoja: si kila taa ya HID ya kiwandani ni projekta. Zipo zinazotumia rifleta. Soma herufi kwenye kitako cha balbu: D2S na D4S ni za projekta, D2R na D4R ni za rifleta na zina rangi ya kuzuia mwanga iliyopakwa kwenye glasi. Zote mbili ni halali na zote mbili zinamulika vizuri kila moja ikiwa kwenye taa iliyotengenezewa. Usizichanganye tu. D2S hutoa lumeni zipatazo 3,200 kwa wati 35, zaidi ya mara tatu ya dimu ya H4, kwa umeme mdogo zaidi.

Ubaya wake ni kwamba Corolla na Carina nyingi hazina ndugu wa namna hiyo. Kwa hiyo kwa wengi wetu mashindano halisi yanaanza namba mbili.

Namba 2: projekta ya LED yenye fulu na dimu pamoja

Kwa anayefanya kazi uani kwake, hii ndiyo ningenunua. Chanzo cha mwanga, lenzi, kibati na feni vyote viko kwenye kipande kimoja. Haina balasti ya nje, inawaka papo hapo, na nyingi zina shina lenye nati linalopita kwenye tundu la H4 bila kukata rifleta. Ukiwasha fulu, sumaku ya umeme inavuta kibati chini na utasikia "tak". Usiposikia, rudisha.

Ukubwa upo wa inchi 2.5 na inchi 3. Ya inchi 3 ina mwanga mpana zaidi, lakini pima kwanza kina cha taa yako kutoka kioo hadi mfuniko wa nyuma, na nafasi iliyopo kati ya taa na betri. Feni na mapezi ya kupoza hukaa nyuma, na kwenye gari dogo mfuniko haufungi tena. Mfuniko usipofunga, vumbi la barabara ya Dodoma litaingia ndani ya taa yako mpya.

Maandishi ya boksi yapuuze. "200W" iliyochapwa kwenye projekta ya LED ni tangazo. Omba mita ya kubana waya, washa, soma ampea. Ikivuta ampea 4 kwenye volti 13, hiyo ni wati 52, basi. Na hiyo ni nzuri. Jaribio ambalo wauzaji hawalipendi ni hili: iwashe dakika 15 ikiangalia ukuta, piga picha mwanzo na mwisho kwa mpangilio uleule wa kamera. LED duni hupungua mwanga ikishapata joto, na hata jicho litaona.

Udhaifu wake mkubwa ni spea. Chipu ikiungua huna cha kubadilisha, unanunua kipande kizima, na mara nyingi jozi nzima ili rangi zifanane. Ndiyo maana napendelea muuzaji wa karibu mwenye waranti ya kuandikwa kuliko wa mbali mwenye bei nzuri.

Namba 3: projekta ya zenoni iliyong'olewa kwenye gari la kifahari

Kwa anayesafiri usiku kwenye barabara kuu kama Chalinze–Segera au ya Mtito Andei mara kwa mara, pandisha hii iwe namba mbili. Projekta za Koito, Stanley na Hella zilizotoka kiwandani zina lenzi nzuri na zinatupa mwanga mzito mbali, na balbu ya D2S ikifa unabadilisha balbu peke yake. Hakuna LED ya bei ya kawaida niliyoiona ikilingana nayo kwa umbali.

Kazi ya kuifunga ndiyo inayoishusha. Haina shina la H4. Unakata rifleta, unatengeneza vishikizo, unapima tena na tena. Halafu kuna balasti na umeme wa kuwashia unaozidi volti 20,000, kwa hiyo chomoa betri kabla ya kugusa chochote. Balbu ya D2S ina zebaki ndani na haishikwi kioo kwa vidole vitupu. Kagua pia bakuli la ndani la projekta ya mtumba: likiwa limeungua na kuwa la kahawia, mwanga umeshapotea, na hakuna polishi itakayourudisha.

Namba 4: projekta ndogo ya balbu ya H1 ya bei nafuu

Hizi zilikuwa maarufu kabla ya LED. Hupita kwenye tundu la H4, mkato wake si mbaya, na balbu za HID za H1 bado zinapatikana. Zikiwa za kutengenezwa vizuri zinatosha mjini. Nyingi zilizoko sokoni ni nakala za nakala, na kushoto na kulia hazilingani. Chukua tu ukipewa nafasi ya kuziwasha zote mbili pamoja.

Namba 5: taa nzima mpya zenye pete za mwanga

Zinapendeza barazani. Ndani mara nyingi kuna projekta ya plastiki yenye halojeni dhaifu kuliko rifleta uliyong'oa.

Usinunue: balbu ya LED au ya HID ndani ya rifleta ya halojeni

Rifleta ya H4 ilihesabiwa kwa waya mdogo wa halojeni uliokaa sehemu moja kamili. Ukiweka chanzo cha umbo jingine, mwanga unaruka kila upande. Dereva anaona barabara nyeupe hatua chache mbele ya bampa na anafurahi. Mbali haoni zaidi, na wanaokuja wanampigia fulu.

Mambo manne wakati wa kufunga

Toyota nyingi za zamani zinakata umeme upande wa hasi. Kwenye soketi ya H4 waya wa pamoja ni chanya, na swichi inaleta asi kwenye dimu au fulu. Seti nyingi za waya za projekta zimetengenezwa kinyume. Ukichomeka bila kupima, fulu haitafanya kazi au kibati kitabaki wazi wakati wote. Uliza seti inayokubali hasi, au pindua kwa relei.

Kufungua taa ya plastiki, toa balbu, skrubu na klipu zote, kisha oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa dakika 8 hadi 10, taa isiguse chuma cha pembeni. Gundi nyeusi ya mpira italainika. Isipolainika kabisa, kiwanda kilitumia gundi ya kudumu. Usiilazimishe kwa bisibisi. Wakati wa kufunga tena tumia gundi ya mpira ileile. Silikoni inayonuka siki ikikauka hutoa mvuke unaotia ukungu rifleta.

Kabla ya kufunga kioo, rudisha taa kwenye gari uone mkato umelala sawa ukutani. Ukiwa umeinama, zungusha projekta sasa, kwa sababu skrubu za nje haziwezi kuunyoosha.

Kwa kimo, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare, dereva akiwa kitini. Pima urefu wa katikati ya lenzi kutoka chini, weka alama ukutani, shusha mkato sentimita 10 chini ya alama hiyo. Ulaya, taa ya dimu ambayo chanzo chake kinazidi lumeni 2,000 lazima iwe na kifaa cha kujishusha yenyewe mzigo unapoongezeka. Corolla yako haina. Ukipakia magunia ya mchele nyuma pua inapanda na mkato unapanda nayo, kwa hiyo hesabu ni mizunguko mingapi ya skrubu inayoushusha, iandike kwenye utepe chini ya boneti, na bisibisi ikae ndani ya gari.