Kliniki ya presha na sukari, ratiba mpya: nyota 4, maabara bado

Mama yangu nampeleka hii kliniki mwaka wa tatu huu kwa hiyo naongea kitu nakijua. Zamani kadi zote ziliandikwa saa 1 asubuhi, yani watu hamsini sitini mnaitwa saa hiyohiyo, daktari anaanza kuona watu saa 3, na mama hajala sababu ya kipimo cha sukari, saa 6 bado yupo kwenye benchi anatetemeka. Mtu anayetumia dawa za sukari kukaa na njaa hivyo ni hatari jamani, sukari ikishuka anaanguka.

Sasa hivi kila mtu ana saa yake. Meseji inakuja siku moja kabla, ukijibu huji nafasi anapewa mwingine. Na wale ambao presha imetulia wanabeba dawa za miezi 3, mama alikuwa anakuja mara 12 kwa mwaka, sasa mara 4, hebu fikiria benchi limepungua watu wangapi bila kuajiri daktari hata mmoja.

Ila kuna kitu wengi wanakilalamikia na mimi nakitetea kabisa. Kila daktari anaachiwa nafasi kadhaa wazi kila siku, hapangiwi mtu, ni za yule atakayeamka hali mbaya. Watu wanasema kwa nini nipangiwe wiki ijayo na nafasi zipo? Hata mimi nilisema hivyo mpaka nesi mmoja akanikalisha akanielewesha, nikaenda kuzisoma hesabu za foleni mwenyewe. Chukua daktari mmoja, wagonjwa wanaingia muda wowote, na kila mmoja anachukua dakika zake. Akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, pale kwake kwa wastani kuna watu 4 ukihesabu na aliye ndani. Asilimia 90 wanakuwa 9. Asilimia 95 wanafika 19! Umeongeza kazi kidogo tu, foleni imezidi mara nne na zaidi. Ndo maana ratiba ikijazwa pomoni akitokea mgonjwa mmoja tu wa dakika arobaini siku nzima imeharibika, hakuna pa kufidia. Na haya mambo yanajulikana muda mrefu, Norman Bailey, mtaalamu wa takwimu huko Uingereza, 1952 alishaonyesha wagonjwa wa nje wapangwe kwa kuachana kadiri daktari anavyochukua muda kwa mtu mmoja, wawili tu ndo waanze pamoja ili daktari asikae bure.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya maabara. Siku isiyo na vipimo tunamaliza chini ya saa nzima, siku ya vipimo ni yale yale ya zamani, anayetoa damu ni mmoja na kule hakuna saa, anayewahi ndo anaanza. Mwezi uliopita mama alipangiwa daktari saa 3 kamili, saa 3 na nusu bado hajachomwa sindano, na daktari yupo ndani hana mtu anasubiri majibu. Hapo hata mkileta madaktari watano haisaidii. Naombeni saa ya kutoa damu nayo iandikwe kwenye ile meseji, na waliofunga kula waanze wao.