Kliniki ya sheria ya chuo: nilifuata dipoziti yangu, nikaiona kazi ya profesa

Nawapa nyota 4 kati ya 5.

Mwenye nyumba aligoma kunirudishia dipoziti nilipohama, na wakili wa kulipia ingekuwa kazi bure maana ada yake ingemeza hela yote niliyokua nadai, ndo rafiki akanielekeza kliniki ya kitivo cha sheria, inaendeshwa na profesa na wanafunzi wake na hawatozi kitu. Mi niliogopa vijana watajifunzia kwangu. Wanafunzi wapo kweli, ndo wanaokuhoji na kuandika, ila profesa anakaa pembeni anasikiliza mwanzo mwisho na barua haitoki mpaka aisome. Yangu aliirudisha mara tatu. Kuna mahali yule binti aliandika "dhuluma", profesa akalikata akamwambia weka tarehe aliyohama na tarehe alizoomba hela yake, dhuluma msomaji ataiona mwenyewe.

Hela nilipata baada ya barua ya pili, mahakamani hatukufika.

Ila kinachonifanya niandike ni kingine. Profesa alipokua anasoma mkataba wangu aliweka kidole kwenye kifungu cha 9, kinasema mwenye nyumba atakata gharama za matengenezo "kadiri atakavyoona inafaa", afu akainuka akatoa kabatini faili nene, ndani mikataba ya wapangaji wengine, wenye nyumba tofauti kabisa na maneno ni yaleyale, hata kosa la tahajia ni lilelile! Akaomba ruhusa aongeze na wangu jina likiwa limefutwa, maana wanaandaa maoni ya kupeleka kwa watunga sheria ili kila makato yawe na risiti na dipoziti irudi ndani ya muda maalum. Wakili wa kawaida kesi yako ikiisha amemaliza, na hana kosa, ndo kazi yake. Huyu kesi yangu ilipoisha ndo kwanza ikawa ushahidi wa wengine.

Nimesikia watu wakisema maprofesa wa sheria wanaandika makala za kusomana wenyewe kwa wenyewe. Wapo wa hivyo, sikatai. Lakini Charles Hamilton Houston, mwalimu wa sheria pale chuo kikuu cha Howard, Marekani, alikaza masomo ya sheria ili atoke na mawakili wa kupambana na ubaguzi, mwanafunzi wake Thurgood Marshall akamaliza 1933, na 1954 huyohuyo Marshall akashinda kesi ya Brown iliyopiga marufuku kutenganisha watoto shuleni kwa rangi. Houston alifariki 1950, hakuiona ile siku, na hilo huwa linaniuma kila nikilikumbuka. Ruth Bader Ginsburg nae, kabla hajawa jaji, alikua anafundisha sheria chuo kikuu cha Columbia hukohuko Marekani huku anapeleka kesi za usawa wa kijinsia mahakama ya juu ya nchi, kesi 6, akashinda 5, na alizichagua moja baada ya nyingine kwa mpango. Yule profesa na kabati lake anafanya kazi ya ukoo huohuo.

Nyota moja nimebana kwa sababu ya kalenda ya chuo. Mitihani ikaja, ikafuata likizo, faili langu likalala karibu miezi miwili, waliporudi yule binti alishahitimu na kijana mpya akanifanya nianze hadithi upya, jamani mtu mwenye notisi ya kuhama wiki ijayo atasubirije hivyo? Waajiri hata mtu mmoja wa kudumu wakati wa likizo.

Ukienda beba mkataba orijino, risiti zote na meseji mlizoandikiana, usizifute hata zile za matusi.

Maoni yao yameshapelekwa, kamati haijaita bado. Profesa aliniuliza kama ikiita ntakua tayari kwenda kueleza mwenyewe yaliyonikuta, nimemwambia niko tayari, na namba yangu ameiandika kwa penseli juu ya faili.