Nusu mpira wa mazoezi: shida yote ni kizibo

Kizibo! Kuba lenyewe, ile nusu duara ya upepo unayosimama juu yake, ni raba nene, bamba bapa la chini halina hata ufa, lakini kizibo chake cha kuzuia upepo ni plastiki ngumu inayoteleza kama kokwa ya embe. Ukishuka skwoti (kuchuchumaa na kuinuka) ya tatu au ya nne unasikia "fsss", upande mmoja unazama na kifundo cha mguu kinapinda. Nimepaka povu la sabuni kila mahali: mapovu yanatokea shingoni mwa kizibo tu.

Nikaurudisha dukani, Kariakoo. Muuzaji hata pampu hakuigusa. "Kaka, punguza mwili, mpira hauna shida." Kifaa kimetengenezwa mtu mzima asimame juu yake, halafu nipungue mimi!

Wasije wakanisingizia kwamba niliujaza vibaya. Raba mpya hujazwa upepo robo tatu hivi, ikaachwa siku nzima itanuke, ndipo unaongeza. Nilifanya hivyo, na kizibo nilikisukuma kikiwa kikavu, maana ukikipaka mafuta lazima kichomoke.

Ila haki yake niitoe. Planki ya viwiko juu ya kuba, yaani kujinyoosha kifudifudi ukijishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, sekunde 30 tu, tumbo linawaka kuliko sakafuni. Ukiupindua ukashika kingo za bamba kwa pushapu, hadi mbavu zinatetemeka. Na kwa kifundo kilichowahi kuteguka, simama mguu mmoja katikati ya kuba, goti likunje kidogo, macho yatulie mbele, sekunde 20 kila mguu. Anza karibu na ukuta. Vyuma vizito usipande navyo: juu ya kitu kinachoyumba misuli inahangaika kukutuliza, nguvu ya kuinua inabaki kidogo. Miguu ya kubeba kilo nyingi hujengwa sakafuni. Wale wanaosimama juu ya bamba lililopinduliwa ili wapigwe picha, sina la kuwaambia.

Kwa planki ile nilitaka kuupa nyota nne. Nikikumbuka "punguza mwili", mbili. Halafu nikakata kipande chembamba cha tyubu kuukuu ya baiskeli, nikakizungushia shingoni mwa kizibo, nikasukuma. Wiki nzima sasa haujashuka hata kidogo. Yaani walishindwa kuweka kipande cha mpira ambacho fundi baiskeli anakitupa jalalani? Nyota moja.