Klampu mita ya DC: ilivyonionyesha kilichokuwa kinanyonya betri usiku

Betri ya kwanza niliitoa bure. Nalisema mapema kwa sababu bado linaniuma.

Gari lilikuwa linalala zima na kuamka maiti. Jioni nalizima vizuri, asubuhi nageuza ufunguo nasikia tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia mbele ya macho yangu. Fundi alishika vichwa vya betri, akavitikisa, akaniambia, "Bosi, hii imechoka, weka mpya." Nikaweka mpya. Siku za kazi ilijikongoja, gari likawaka. Lakini nikiliacha limeegeshwa siku mbili tu, mchezo ni uleule. Fundi wa pili alipima chaji ya altaneta injini ikiwa inanguruma: volti 14.2. Sawa kabisa. Kwa hiyo chaji ilikuwa inaingia, ila usiku kulikuwa na kitu kinaitoa.

Hapo ndipo nilipoamua kununua klampu mita, kile kipimo chenye taya kinachobana waya kwa nje na kusoma umeme unaopita bila kukata wala kufungua chochote. Jambo moja uliangalie kabla hujalipa: klampu mita nyingi za bei ya chini zinapima ampea za AC tu, yaani umeme wa nyumbani, na kwenye gari ni pambo. Tafuta herufi A yenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake, ndiyo alama ya DC, yaani umeme wa betri. Ukiona A yenye kiwimbi peke yake, irudishe rafuni.

Usiku wa kwanza niliitumia vibaya. Kwenye kichwa cha hasi zinatoka waya mbili, mnene unaokwenda kwenye injini na mwembamba unaokwenda kwenye bodi. Nikabana ule mnene, kioo kikasoma karibu na sifuri, nikaingia kulala na furaha yangu. Asubuhi, tik-tik-tik. Umeme ulikuwa unarudi kupitia ule mwembamba niliouacha. Bana zote mbili kwa pamoja, zikielekea upande mmoja.

Usiku wa pili nilitulia. Boneti niliiacha wazi, kufuli ya mlango wa dereva nikaisukuma kwa bisibisi mpaka ikabana, ili gari lijue mlango umefungwa huku mimi naweza kuingiza mkono. Ufunguo nikaupeleka mbali, maana magari mengine ukikaa karibu na ufunguo hayalali. Nikafunga taya za mita zikiwa tupu, nikabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha nikabana waya. Mwanzo ilisoma ampea 5 na ushee. Usishtuke, kompyuta za gari huchukua muda kuzima moja baada ya nyingine, dakika kumi, ishirini, baadhi ya magari hata zaidi. Nikavuta kiti. Ikashuka hadi 3, ikashuka tena, baada ya kama nusu saa ikasimama kwenye 1.8 na kugoma hapo.

Gari lililolala linatakiwa kula miliampea 20 hadi 50 hivi, yaani 0.02 hadi 0.05 kwenye kile kioo. Langu lilikuwa linakula 1.8. Piga hesabu: saa kumi na mbili za usiku mara 1.8 ni zaidi ya ampea-saa 21, na betri yangu ni ya 45. Karibu nusu ya betri inaondoka na mimi nimelala! Ndiyo maana mpya ilihimili usiku mmoja na kushindwa wa pili.

Sasa hapa klampu ndipo ilipolipa deni lake. Ningetumia maltimita ya kawaida, kile kipimo cha nyaya mbili kisichobana waya kwa nje, ningeanza kuchomoa fyuzi moja moja, na kila unapochomoa na kurudisha unaweza kuziamsha kompyuta ukaanza kusubiri upya. Mimi nilihamia kwenye kichwa cha chanya, nikabana waya mmoja mmoja. Waya wa stata na altaneta: sifuri. Huo nao ni muhimu, kwa sababu diodi za altaneta, zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zikiharibika hunyonya betri gari likiwa limezimwa. Waya wa kwenye sanduku la fyuzi: chini ya 0.1. Waya mwekundu ulioongezwa na aliyenifungia muziki: 1.7.

Nikaufuata ule mwekundu mpaka kwenye buti, nikafunua kapeti, nikaweka kiganja juu ya amplifaya. Gari zima la baridi, redio imezimwa, yenyewe ina joto kama tumbo la kuku anayeatamia. Kumbe kale kawaya kembamba ka bluu kanakoiambia amplifaya "amka, redio imewashwa" kalikuwa kameungwa kwenye waya wa njano wa redio, ambao una umeme saa zote. Aliyefunga hakukosea sauti, muziki ulipiga vizuri tu, ndiyo maana hakuna aliyemshuku. Nilikahamishia kwenye waya wake wa bluu nyuma ya redio, kazi ya robo saa, na nusu yake ilikuwa kutafuta skrubu iliyoangukia chini ya kiti.

Udhaifu wa mita hii upo. Kwenye namba ndogo haitulii. Baada ya matengenezo ilikuwa inacheza kati ya 0.01 na 0.06, na ukigeuza mkono tu inahama, kwa hiyo unabonyeza sifuri kila dakika chache. Kujua kama kuna mwizi inatosha, kujua anaiba miliampea ngapi haitoshi. Nilithibitisha kwa maltimita, nikaiunga katikati ya waya wa hasi na kichwa cha betri kwenye tundu la 10A: miliampea 28. Ukifanya hivyo usiguse ufunguo kabisa. Mimi niliwahi kujisahau na maltimita nyingine, nikajaribu kuwasha gari, fyuzi ya ndani ikakatika pale pale.

Kioo chake pia hakina taa, na kazi hii ni ya usiku. Nilisoma namba huku tochi nimeing'ata mdomoni kama fundi bomba. Kwa hilo naipa nyota nne. Betri ya pili ipo bado, juzi gari limekaa siku tisa bila kuguswa na likawaka mara moja. Ile ya kwanza nilimwachia fundi kama chuma chakavu, na sasa nadhani haikuwa na kosa lolote.